Ini la Mama

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, tulipokaa kikao Igoma, nyumbani kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, kujadili ini la mama yangu. Mwenyewe tulimwacha uani anachambua dagaa. Enzi zile ndivyo tulivyofanya: mgonjwa haambiwi, ukoo ndio unaamua.

Mama alikuwa ameshapasuliwa utumbo kwa sababu ya saratani. Sasa ilikuwa imefika kwenye ini, na daktari alitaka kumpasua tena. Baba mkubwa, mbishi yule, akakataa katakata. Alisema saratani ikiguswa na kisu inatawanyika, na tena mtu ataishije na nusu ini? Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa binti tu, nakata minofu ya sangara kwenye kiwanda kipya cha samaki, na hilo la nusu ini lilinikaa kichwani. Nilitamani kuuliza, lakini ningemuuliza nani pale?

Mara mama akaingia, mikono inanuka dagaa.

"Shemeji, hilo ini ni la nani?"

Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Basi nipelekeni kwa daktari, nikamuulize mwenyewe."

Na alimuuliza kweli, jamani! Kisu kinaenezaje? Ini litakalobaki litanitosha? Daktari akachukua karatasi akamchorea. Alisema kisu hakienezi saratani, na uvimbe uko upande mmoja. Ungekuwa umetapakaa ini zima, asingethubutu kumpasua. Kipande kinachobaki, kikiwa kizima, hukua tena. Kumbe ndani yetu kuna kiungo cha namna hiyo, na sisi tumekaa kikao bila kujua! Hakumficha pia kwamba anaweza kufa akipasuliwa, au ugonjwa ukarudi.

Mama akaikunja ile karatasi. "Nikate," akasema.

Akapasuliwa, akapona, akarudi kuuza dagaa kwenye soko la Mwaloni, akambeba mgongoni mtoto wangu wa kwanza. Miaka kadhaa baadaye ugonjwa ulirudi, ukamchukua. Namlilia hadi leo. Lakini ile miaka aliipata kwa kuuliza, na sisi tulikuwa karibu tumnyime.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: mgonjwa wako usimjadili akiwa hayupo. Mwambie habari za mwili wake, nenda naye kwa anayejua, mwache aulize mpaka aridhike, kisha uamuzi uwe wake.

Mungu akujalie afya. Na siku utakapougua, akupe watu watakaokushika mkono na kukwambia ukweli.