Arobaini ya Minas na Ndege ya Dakika Tano

Minas, kaka yake Sevasti, alioa Karpathos, akaugua Karpathos, akafia hukohuko. Sevasti yuko Kasos, kisiwa cha jirani. Kati ya viwanja viwili vya ndege ni kilomita ishirini na kitu. Ndege ikipaa tu, inatua. Dakika tano! Lakini siku Minas anakata roho kulikuwa na upepo. Siku ya mazishi, upepo. Meli nayo imefungwa bandarini. Wakamzika bila dada yake, na tangu siku hiyo mtu akimwambia Sevasti "pole" anamkata jicho.

Leo ni arobaini. Sevasti, ambaye tangu usichana huviringisha dolma za harusi za kisiwa kizima, wali ndani ya majani ya mzabibu, nyembamba kama kidole cha mtoto, safari hii alichemsha ngano ya kumwombea marehemu, ile ambayo padri huibariki kisha watu wakagawiwa. Akachanganya lozi na komamanga, akaifunika sukari, akaandika MINAS kwa peremende za rangi ya fedha. Jirani alimshauri amwachie wifi yake apike kulekule.

"Wifi anajaza zabibu kavu," alifoka. "Minas alikuwa hazili!"

Akaingia uwanja wa ndege amepakata sinia la ngano.

"Mama wa ubatizo, hilo liende chini na mizigo," alisema Yakumi, kijana wa kaunta.

"Nilikupaka mafuta ya ubatizo unalia kama mwanambuzi, leo unataka kumlaza kaka yangu chini ya masanduku?"

"Ni sheria, mama."

"Sheria ya dakika tano?"

Foleni ikaangua kicheko. Yakumi akainua mikono. "Haya, lipakate. Mimi sijaona kitu."

Ndipo ndege ikatokea. Ikashuka mpaka magurudumu yakaonekana, ikapepesuka kama mlevi, ikanyanyua pua na kupita juu ya paa. Wote wakakimbilia dirishani. Ilikuwa inaelekea Karpathos, kulekule!

"Imeshindwa kutua," Yakumi alisema kwa sauti ndogo. "Upepo."

Muda si muda simu ya Sevasti ikalia. Alikuwa wifi yake, Kalitsa.

"Wifi, ndege imetua! Uko wapi? Padri anauliza kama aanze."

"Ndege imetua. Mimi sijatua. Mwambie aanze."

Akalibwaga sinia juu ya kaunta hadi sukari ikapasuka katikati ya jina.

"Lete vikombe vya kahawa."

"Mama, ngano haijabarikiwa..."

"Padri anabariki huko sasa hivi. Si mnasema Kasos na Karpathos ni pua na mdomo? Baraka na zivuke basi. Lete vikombe!"

Akachota kwa hasira, nyingine ikimwagika. Kila abiria akapokea chake, akasema, "Mungu amrehemu Minas," akala amesimama na sanduku lake. Hakuna aliyethubutu kukataa. Wa mwisho alikuwa Yakumi, sukari mdomoni, macho mekundu.

"Mama, nikuwekee nafasi ya kesho?"

"Kesho nikafanye nini?" alisema Sevasti, akamwongezea ngano.