Uwanja Usiopandwa Chai

Mvua ya mawe tuliijua. Huku juu, upande wetu wa Masimba, inaweza kushuka mchana jua likiwa bado linawaka ng'ambo ya bonde, ikayapukutisha majani ya chai mpaka shamba likabaki vijiti. Kwa hiyo nilipofungua uwanja wa michezo ya watoto kwenye shamba la marehemu mume wangu, kanuni ya kwanza niliyoweka ilikuwa ya mvua ya mawe. Filimbi ikilia mara tatu, kila mtu aache alichoshika akimbilie bandani, bila kuuliza. Tuliifanyia mazoezi hadi watoto wa majirani wakawa wanaicheza nyumbani kwao, mmoja anapuliza kwa midomo, wengine wanaingia chini ya meza.

Tetemeko la ardhi hatukuwa na kanuni yake. Nani angekuwa nayo?

Mimi ni mtu wa kando ya ziwa, niliyeolewa milimani. Nilipofika nilishangaa jinsi watu wa huku wasivyoweza kuvumilia ardhi tupu. Chai inapandwa mpaka kizingitini, migomba mpaka chooni, na penye mwinuko usioshikika wanapanda nyasi za ng'ombe. Mtu akiona mahali pamekaa tu, bila kitu cha kuliwa wala cha kuuzwa, anaumwa tumbo. Basi fikiria walivyoniona, mjane wa kutoka ziwani, nilipong'oa chai iliyozeeka na mahali pake nikapanda nyasi za kukanyagwa. Nikaweka bembea, mtelezo, jumba la hewa la kurukia, na mwisho gurudumu kubwa la kupandisha watu, nililolinunua kwa mzee mmoja aliyechoka kulizungusha katika maonyesho ya kilimo.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliita ukoo. Alitaka shamba lirudi mikononi mwake lipandwe chai mpya. Tuliongea mchana kutwa, na tukaachana kwa sharti moja: niendelee na michezo yangu, lakini siku uwanja utakapomuumiza mtu, nifunge, na yeye achukue jembe. Nilikubali nikiuma meno. Sikuwa na wa kunisemea, na mama mkwe wangu alikuwa amekaa akichambua maharage, kana kwamba shauri lile lilikuwa la watu wa kijiji kingine.

Tangu hapo, kila baya lililotokea mtaani lilikuwa la gurudumu. Ng'ombe akikataa kutoa maziwa, ni gurudumu. Kuku akiacha mayai yakaoza, ni ngurumo ya mashine yangu. Walisema sufuria zao zinacheza kabatini kila ninapowasha jenereta. Hilo la sufuria huenda lilikuwa kweli kwa nyumba moja au mbili. Ya kuku niliwaambia wamuulize jogoo.

Mama mkwe hakukanyaga uwanjani. Alikuwa Msabato wa kweli, na ingawa Jumamosi nilifunga kabisa, maana huku ukifungua biashara ya raha siku hiyo utajizungusha peke yako, bado aliona mahali pale pana upuuzi. Ekegusii, lugha ya huku milimani, nilikuwa nimekijua siku nyingi, lakini akinikasirikia alinisemesha Kiswahili, kile kile alichozoea kumsemesha karani wa kituo cha chai. Ndivyo nilivyojua kwamba kwake nilikuwa bado mgeni.

Yeye alizaliwa Gesima, ng'ambo ya bonde. Magoti yalikuwa yamemkataza kwenda huko tangu zamani. Siku moja, nikimpelekea uji, nilimwambia kwamba ukifika juu kabisa ya gurudumu, na kusiwe na ukungu, unaziona paa za Gesima. Siku kadhaa zikapita. Halafu Jumapili moja, uwanja umejaa, nikamwona anaingia langoni na viatu vyake vya kanisani na mwavuli mkononi.

“Nionyeshe,” alisema.

Nilitaka kupanda naye. Akakataa, akasema amezaa bila kushikwa mkono na mtu, hicho kiti hakitamshinda. Mwendesha mashine akamfungia kizuizi, na mama akapanda polepole, mgongo wake umenyooka, mwavuli umelala magotini.

Alikuwa amefika juu kabisa niliposikia mabati ya nyumba za jirani yanalia. Wote tulisikia. Ulikuwa ule mlio tunaoujua, wa mawe yanapoanza kupiga paa za bondeni kabla hayajatufikia. Mama wa tiketi akafanya nilichomfundisha: akapuliza filimbi mara tatu. Na watu, Mungu awabariki, wakatii. Mama, watoto, wauza karanga, wote wakaingia bandani kama maji yanavyoingia mfereji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kukimbia nilipotazama juu. Mbingu ilikuwa buluu, safi. Hapakuwa na wingu hata la dawa. Kisha nikahisi ardhi inanisukuma magotini kutoka chini, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu ikaacha kuhesabika.

Banda lile lilikuwa fahari yangu. Kwa kuwa mawe hutoboa mabati, mimi niliezeka vigae vizito, nikavibebesha nguzo za matofali. Kwa mvua ya mawe hapakuwa na mahali salama kuliko pale Masimba nzima. Sasa nguzo zilikuwa zinacheza, na chini yake wamesongamana watu wote walioniamini. Nikapiga kelele watoke. Hakuna aliyetoka. Nilikuwa nimewafundisha vizuri mno. Akina mama waliwakumbatia watoto wakazidi kusogea katikati, na mmoja akaniita na mimi niingie nisije nikapigwa na mawe.

Nikachukua ufagio wa uani na kuwaswaga. Sioni haya kusema: nilichapa watu wazima, nikawachapa mgongoni na miguuni kama ng'ombe waliokataa kutoka zizini, nikiwatukana kwa Kijaluo, lugha ambayo hasira yangu inaijua vizuri. Walitoka wakinilaani, wakaanguka kwenye nyasi. Wa mwisho alikuwa hajamaliza kukaa chini pale nguzo ya pembeni ilipokunjika, na kona nzima ya paa ikalalia friza ya barafu za watoto.

Halafu ardhi ikatulia. Mashine ilikuwa imezimwa, jenereta imegoma kuwaka tena, na gurudumu limesimama na watu wake. Viti vya chini vilikuwa na watoto wanaolia. Kiti cha juu kilikuwa na mama mkwe, na hakikuwa na sauti yoyote. Nilimwita. Hakujibu. Nilimwita tena kwa Ekegusii, nikamwita mama. Niliogopa moyo wake umesimama kule juu, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia habari za Gesima.

Hapo ndipo majirani walipofika. Walipanda kilima kwa hasira, shemeji mbele, panga la kukatia nyasi za ng'ombe bado mkononi. Hawakuja kutusaidia. Nyumba zao zilikuwa zimetikisika, kuta zimepasuka, na katika kijiji chetu kitu kikitikisika kila mtu alijua ni kazi ya nani.

“Zima hiyo kitu yako,” shemeji aliniambia. “Imepasua ukuta yangu mpaka chini.”

“Imezimwa,” nilimjibu. “Na mama yako yuko juu. Ya ukuta tutayaongea akishuka.”

Alitazama juu. Aliuona mwavuli kwanza, nadhani, maana panga lilimwanguka bila yeye kujua. Nikamsukumia kamba ya kuzungushia gurudumu.

Gurudumu lile bila umeme huzungushwa kwa mikono, na linataka watu wenye nguvu, tena wanaovuta pamoja. Nami nilikuwa na kundi zima la watu wenye nguvu waliokuja kunishtaki. Mwendesha mashine akawapanga, wakavuta. Kiti kikashuka, watoto wakatolewa, wakavuta tena. Wale waliosema sufuria zao zinacheza walivuta mpaka viganja vikachubuka. Mama mkwe akashuka wa mwisho. Shemeji alimfungulia kizuizi. Mama akasimama, akakaza kitambaa chake kichwani, akanitazama mimi.

“Gesima iko tu pale pale,” alisema. “Nimeiona.”

Jioni redio ilisema ni tetemeko, na kwamba lilifika mpaka ziwani. Ndugu zangu walinipigia simu kutoka huko wakiwa wamekaa nje ya nyumba. Ningedhani maneno yameisha. Lakini mtu aliyepanda kilima na panga haoni rahisi kushuka akisema alikosea. Shemeji alisema redio ni redio, na hata kama mashine haikutikisa dunia, banda lilianguka, na mama mmoja alichubuka goti akikimbia. Kuchubuka ni kuumia. Sharti ni sharti. Naibu chifu akaamuru lango lifungwe kwa mnyororo hadi baraza likae, na ufunguo akaniachia mimi nilinde mitambo. Usiku na mchana nilitembea na ule ufunguo kifuani, na ulinichoma kama kaa.

Baraza lilikaa katika ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya barabara, mkabala na lango langu. Afisa aliyetumwa kutoka mjini alikuwa mtu wa mbali, kwa hiyo mambo yakaendeshwa kwa Kiswahili. Shemeji aliongea vizuri, lazima nikubali. Alisema marehemu nduguye angelia kuona chai imeng'olewa. Alisema mimi nimeleta mchezo mahali pa kazi. Wengi waliitikia kwa vichwa, hata wale waliovuta kamba. Nilipopewa nafasi nilisema nimewatoa watoto wao chini ya paa kwa mikono yangu hii, na kama kuna aliyepigwa na ufagio na angali anaumwa, aje nimkande. Wachache walicheka. Haikutosha, na nilijua haikutosha.

Ndipo mama mkwe alipoinuka, akiegemea mwavuli. Hakuwa ameombwa.

“Mimi nilikuwa juu,” alisema, kwa Kiswahili, ili afisa asikie. “Nyinyi wote mlikuwa chini, kila mtu aliona nyumba yake. Mimi niliona yote. Nchi ilitikisika kama ngozi ya ng'ombe ikifukuza nzi. Ilianza huko Gesima ikakuja. Ilitikisa shule, ikatikisa hii kanisa, ikatikisa nyumba ya huyu mtoto wangu, ndio ikafika kwa gurudumu. Kama ni kufunga, tuanze kufunga wapi?”

Shemeji alisema kwa upole kwamba mama ni mzee, na alishtuka sana siku ile. Afisa akatazama saa yake, akaomba wanaotaka uwanja ufungwe wainue mikono.

Mikono ilikuwa inainuka. Niliiona, na sikuwa na haja ya kuihesabu. Kisha madirisha yakaanza kulia.

Halikuwa tetemeko kubwa. Lilikuwa mabaki ya lile la kwanza, na wengine walisema baadaye kwamba hata chai haikumwagika kikombeni. Lakini hakuna aliyengoja kupima. Ukumbi mzima ulitoka mlangoni, afisa naye, na walipofika nje wakajikuta hawana pa kwenda. Upande huu migomba na kuta za watu, upande ule chai imesongamana mpaka ukingo wa barabara, na juu yao nyaya za umeme zinabembea. Wakatazama huku na huku. Kisha wote, kana kwamba wamepigiwa filimbi, wakakimbilia lango langu na kulishika.

Mahali palipo wazi pa kusimama, pasipo na ukuta wa kukuangukia, palikuwa pale tu.

Mimi nilifika nyuma yao, taratibu, nimemshika mama mkwe mkono. Wakanipisha. Nilikuwa na ufunguo kifuani na nitasema ukweli: nilitamani kuwaacha wasimame hapo. Nilitamani sana. Wale waliokuwa na mikono hewani muda si mrefu uliopita, sasa walikuwa wameitia kwenye nondo za lango wakinitazama usoni. Shemeji alikuwa wa kwanza kabisa, paji la uso limegusa mnyororo alioutaka mwenyewe.

“Mokamwana,” mama mkwe aliniambia, mke wa mwanangu, na yaliyofuata aliyasema kwa Ekegusii, polepole, kama mtu anayeongea na binti yake jikoni. Aliniambia nifungue, kwa sababu watu wangu wamekuja.

Nikafungua. Waliingia wakaenea kwenye nyasi zangu, wakaketi, wengine wakalala kifudifudi wameshika majani. Mama mkwe alitembea mpaka mahali shemeji alipokuwa amekaa, akasimama mbele yake.

“Sasa sema,” alimwambia. “Hapa ulipokaa, tupande chai?”

Shemeji aliangalia nyasi katikati ya miguu yake. Afisa alikuwa amefunga faili na anafunga kamba ya kiatu chake. Mikono ile haikuinuliwa tena, siku ile wala siku nyingine.

Banda nililijenga upya, sasa la miti na mabati, na mawe yakitoboa acha yatoboe. Filimbi tatu bado ni mvua. Filimbi moja ndefu ni kulala kwenye nyasi katikati ya uwanja, na watoto wa jirani wameshaanza kuicheza.

Jioni ile ile ya baraza watu waliogopa kurudi chini ya paa zao, wakaja na mikeka na mablanketi. Nilisimama langoni nikawakaribisha mmoja mmoja. Shemeji alikuja jua likizama, na mkewe, na kapu la ndizi za kuchemsha, na ng'ombe wake amemfunga kamba. Yeye na mkewe niliwafungulia. Ng'ombe nikamkataa. Nilimwambia amfunge nje, maana huyo angekula, na zile nyasi ni zangu.