Filimbi ya Kifuani

Siku za kazi alikuwa fundi makochi, mtu wa kufumua makochi yaliyochoka na kuyavisha vitambaa vipya. Jumamosi alivaa kaptura nyeusi akawa Refa. Cheo hicho kilimkolea mpaka nyumbani; hata akitaka chumvi mezani, alinyoosha mkono kama anayetoa kadi.

Pumu alikuwa nayo tangu utotoni, ila ukimuuliza, ni "mafua ya kifua tu." Kikopo cha bluu cha dawa ya kuvuta alikificha ndani ya soksi. Kile cha kahawia, alichoambiwa atumie kila siku, kilikaa kabatini, hata boksi lake halijafunguliwa.

"Dawa ya kila siku ni ya wagonjwa," alisema, huku anahema.

Wiki moja alifumua makochi ya zamani, vumbi likamjaa hadi kwenye kope. Jumamosi yake maseremala wakacheza na wauza nyama. Kipindi cha pili, mshambuliaji wa maseremala, ambaye ni mdogo wa mke wa Refa, alichomoka na mpira, wamebaki yeye na kipa. Mara, fyuuu! Akasimama, mikono kiunoni.

"Nimeotea wapi, shemeji?"

"Nani... kapuliza?" Refa aliuliza, filimbi ikining'inia mkononi. Kifua kikamjibu: fyuuu.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kikakatika Refa alipoketi chini, midomo imebadilika rangi. Mkewe alichomoka mbio katikati ya watazamaji, akaenda moja kwa moja kwenye soksi. Siri gani hiyo, wakati yeye ndiye anayezifua?

Zahanati wakamvutisha dawa kwa barakoa. Alipopata pumzi ya kutosha sentensi nzima, aliitumia kulalamikia vumbi.

"Vumbi halina hatia kubwa hivyo, baba," nesi alimwambia. "Una seli za kinga, chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Zako zinaona vumbi, zinadhani ni adui. Zinamiminika kwenye njia za hewa, zinamwaga kemikali, njia zinavimba na kujaa makohozi. Dawa ya bluu inalegeza misuli ya njia hizo tu, upumue. Seli bado zinaendelea na fujo. Hii ya kahawia ndiyo inayozituliza, lakini polepole, kila siku, hata ukijiona mzima."

"Yaani zinaadhibu asiye na kosa?"

"Kabisa."

"Kumbe na humo ndani kuna waamuzi wabovu," mkewe alisema, akitazama dari.

Nesi akamtaka aonyeshe anavyovuta. Refa akajipulizia kama manukato. Ikabidi afundishwe upya: toa pumzi, vuta taratibu, ibane kidogo, kisha sukutua mdomo.

Safari hii alishika maagizo, ya kahawia akaivuta kila siku. Akaanza kuvaa barakoa ya kuzuia vumbi karakanani, na baada ya wiki kadhaa alipandisha kochi zima ngazi za mteja bila kutua.

Shida sasa ni mdomo. Juzi shemeji alipita kula, akapiga chafya moja tu, basi Refa akaanza somo la seli, tangu puani hadi mapafuni, chakula kinapoa.

"Dada," shemeji alinong'ona, "zamani si alikuwa anaishiwa pumzi mapema?"

Mkewe alicheka hadi akaweka bakuli chini. Refa hakusikia. Alikuwa amefika kwenye makohozi.