Niligeukia Dirisha Mpaka Bergen

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana Kisumu hii wananijua. Mimi ni mama wa miaka sabini na nne, mjane, na haya naandika mwenyewe kwa simu yangu, hakuna mtu amenisaidia, ingawa shule niliishia darasa la saba. Nilishona sare za shule hapa mjini miaka mingi, na kwa hiyo cherehani nikasomesha msichana wangu mpaka akapata nafasi ya kusomea uinjinia Norway. Nitamwita Akinyi. Kwetu Asembo Bay hakuna mama aliyepanda ndege kwenda kumwona mtoto wake Ulaya kabla yangu. Kama yuko, ajitokeze.

Nilienda mwaka wa 1992, mwezi wa sita. Akinyi alinipokea Oslo akanilaza kwa nyumba safi, kitanda kipana, siku nne. Siku ya tano akasema, "Mama, nataka uone nchi." Tukaenda kupanda treni ya kwenda mji wa Bergen, safari ya kutwa nzima. Stesheni tukakuta kijana wa Kizungu ameshika tiketi zetu, Akinyi akasema wanafanya kazi pamoja. Nilimpenda. Alibeba mzigo wangu, akanisalimia "Oyawore, Mama" kwa Kijaluo cha kuchekesha. Nikasema, "Akinyi, mwambie akiendelea hivi nitamdai ng'ombe." Kijana alicheka mpaka akawa mwekundu. Akinyi hakucheka.

Treni ilipotoka mjini ndipo akanishika mkono.

"Mama, huyu ni bwanangu. Tulioana miaka miwili iliyopita."

"Na ile nyumba nimelala?"

"Ni yetu. Yeye alienda kulala kwa ndugu yake ili ukae vizuri."

"Kwa nini unaniambia ndani ya treni?"

"Kwa sababu nyumbani ungetoka uende zako."

Asiye Mjaluo nimweleze. Mama halali nyumbani kwa mkwe wake, wala hakai naye uso kwa uso wakila. Ni heshima, tena ni mwiko. Na huyu hata ng'ombe mmoja hajaleta. Mimi nimelalia kitanda chake siku nne, na sasa magoti yetu yanakaribia kugusana. Sikulia. Sikugombana. Niligeuza uso kwa dirisha, na sikuurudisha mpaka Bergen.

Ndiyo maana ile nchi naijua. Kwa harusi, kwa chama, watu huniambia, "Mama, hebu tuambie tena ile treni," na mimi nawasimulia: theluji mwezi wa sita, maziwa meusi yametulia, nyumba nyekundu moja moja, maji yanaanguka kutoka juu ya mwamba. Nasimulia kuliko mwalimu wa jiografia. Hawajui niliyaona yote kwa sababu sikuwa na pengine pa kuweka macho. Tukiingia handaki, dirisha lilikuwa kama kioo cha kujitazamia, nikamwona yule kijana ananiangalia, nikafunga macho. Alinimenyea chungwa akaliweka pale mezani. Lilikaukia hapo. Akinyi akasema, "Mama, kula hata kidogo." Nikasema nimeshiba. Sikuwa na njaa, sikuwa na hasira. Mwili wote ulikuwa kama mkono uliolaliwa ukaingia ganzi.

Tuliposhuka nilimwambia neno moja tu: "Baba yako asijue, atakufa."

Mzee wangu aliniuliza habari zote, nikampa milima. Akinyi akawa anaandika barua, namjibu mambo ya mvua na mahindi. Kila akiuliza kama sasa amwambie baba yake, najibu, bado, mzee amekataa hata kusikia neno Mzungu. Hakuwa amekataa. Sikuwahi kumwuliza. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba ataniuliza nililala wapi.

Mwaka wa 1997 mzee akaugua. Siku moja nikimnywesha uji akasema, "Nyar Asembo," yaani binti wa Asembo, ndivyo alivyoniita siku zote, "huyu mtoto wetu mbona haolewi? Mwambie alete hata Mzungu. Kwani ng'ombe wa Mzungu hatoi maziwa?" Akacheka, akakohoa. Nikampangusa mdomo. Baada ya wiki mbili tukamzika. Akinyi alikuja matangani peke yake. Bwana yake na watoto aliwaacha huko kwa sababu ya zile barua zangu.

Wiki jana amenipigia simu. Wanakuja Desemba, yeye, bwana yake ambaye sasa ana mvi, na watoto wao wakubwa, watoe mahari kwa baba zake wadogo inavyotakiwa. Nikasema karibuni. Halafu akasema, "Mama, kwanza nitaenda kwa kaburi la Baba. Nataka nimwombe msamaha, kwa sababu niliolewa na Mzungu na yeye alikuwa amekataa." Nikamjibu, sawa, mwanangu. Simu ikakatika, nikaendelea kuchagua mchele.

Nikimwambia ukweli, atajua kwamba miaka hii yote aliyemkataa bwana yake ni mimi. Nikinyamaza, atapiga magoti kumwomba msamaha mtu ambaye alishamkubali, na mimi nitakuwa nimesimama hapo kando namwangalia. Ninyi mlio na umri wa watoto wangu, mngetaka kuambiwa? Nielekezeni nifanye lipi. Hata mkiwa wakali, nitasoma yote.