Kabla Mji Haujahamishwa

Samli ya kienyeji ikichemka jikoni, kabla haijatulia, hutoa harufu ya maziwa yaliyokaribia kuungua. Nikiipata harufu hiyo, popote nilipo, husimama kidogo. Hunirudisha kijijini kwetu Rhotia, jikoni kwa bibi yangu, katikati ya miaka ya sabini, alipotengeneza chupa tatu za samli kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam ambao hakuwahi kuwaona. Na kosa, naomba niliseme mapema, lilikuwa langu.

Bibi, mama yake baba, tulimwita Aama, kama Wairaqw wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyokaa bure. Kiswahili alikijua cha mnadani tu: bei, pole na asante. Mimi nilikuwa darasa la nne, na mwalimu alinisifu kwa Kiswahili changu, jambo lililonifanya nitembee kijijini kama mke wa mkuu wa wilaya.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumehamishwa. Zamani tuliishi juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, kila familia na tembe lake katikati ya shamba. Ikaja amri kwamba watu washuke, wakae pamoja kijijini kando ya barabara, wapate shule, maji na zahanati. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, hivyo ilimpasa aonyeshe mfano. Lori lilikuja asubuhi. Likapakia nguzo, mitungi, kuku, jiwe la kusagia, na mwisho kabisa Aama mwenyewe, akakaa juu ya gunia la mahindi akitazama mbele. Sisi watoto tuliona raha tupu. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kupanda gari.

Tangu siku ile Aama aliishi katika kibanda alichojengewa na baba kando ya nyumba yetu, lakini alipika chungu chake peke yake. Baba akimsalimu, aliitikia, maana salamu hainyimwi mtu. Akimuuliza jambo jingine, alinigeukia mimi na kunijibu mimi, hata kama baba amesimama palepale. Nami nilimgeukia baba na kurudia maneno yaleyale, kwa Kiiraqw kilekile. Sikuona ajabu yoyote. Nilijiona nina cheo.

Ndipo ikaja barua ya baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam. Alimwalika mama yake akakae naye wiki mbili baada ya mavuno. Aliandika atakayomwonyesha: bahari, pantoni inayovusha watu na magari, kanisa la Wajerumani lenye vigae vyekundu, ghorofa yenye lifti, na jumba la makumbusho ambamo limewekwa fuvu la mtu wa kale lililochimbwa kwetu, Olduvai, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro. Mwishoni aliongeza kwamba tufanye haraka, kwa kuwa serikali imeshatangaza makao makuu yatahamia Dodoma. Njooni, aliandika, muuone mji ungali mkuu.

Aama alikataa. Alisema kuhama mara moja kumemtosha, hana haja ya barabara nyingine. Baba akaikunja barua, akaiweka juu ya kabati, na nadhani mambo yangeishia hapo kama si mimi.

Lile neno "yatahamia" lilinikaa kichwani. Shuleni tulifundishwa kwamba Wajerumani walipoanza kutawala makao yao yalikuwa Bagamoyo, kisha yakahamishiwa Dar es Salaam. Kumbe mji huu una mazoea ya kuhama! Na kuhama nilikujua kwa macho yangu: linakuja lori, watu wanapakia nguzo. Nikaona kabisa malori yamepangana pwani, vigae vyekundu vinashushwa kimoja kimoja, wanawake wa mjini wamekaa juu ya magunia. Nikaenda kumweleza Aama.

Alikuwa akipukuchua maharage. Mikono ikasimama.

"Na bahari nayo?" aliuliza.

Nilifikiri. Nikamwambia bahari itabaki, kwa sababu ni nzito.

Akauliza nani amewaambia wahame. Nikasema serikali. Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea na maharage yake. Jioni ile aliniagiza nikamwambie baba kwamba atakwenda Dar es Salaam, na kwamba mimi ndiye nitakayemsindikiza, nimsaidie Kiswahili.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu kuliko safari yoyote niliyowahi kuifanya baadaye. Baba alichora njia nyuma ya kalenda: Mto wa Mbu, Makuyuni, Arusha, Moshi, Korogwe, Chalinze. Mimi nilipanga siku zetu. Siku ya kwanza pantoni, ya pili lifti, ya tatu pantoni tena. Wenzangu shuleni waliniagiza chumvi ya baharini, na mmoja alitaka nimletee maji yenyewe.

Aama naye alikuwa na mipango yake. Alikusanya maziwa na kutengeneza samli. Siku moja alinichukua tukapanda hadi mahame yetu ya juu. Paa la tembe lilikuwa limeshaporomoka, na maboga yalikuwa yamejiotea juu ya kaburi la babu. Akachuma mawili, akayapasua, akatoa mbegu. Nilimuuliza ni za nini.

"Mtu akihamishwa," alisema, "mwaka wa kwanza hana mboga."

Siku mbili kabla ya safari, baba aliingia kibandani kuangalia mizigo. Akakuta chupa tatu za samli na vifurushi vya mbegu vilivyofungwa kwenye vipande vya kanga kuukuu. Akauliza mdogo wake mmoja atailaje samli yote hiyo. Aama akanigeukia, akaniambia nimweleze baba kwamba ni ya wale watu wanaohamishwa. Anakwenda kuwapa pole.

Baba alicheka. Alicheka hadi akaegemea ukuta, akamwita mama aje asikie. Kisha akatueleza, kwa upole kabisa, kwamba mji hauhami. Nyumba zitabaki, watu watabaki. Zitakazohama ni ofisi za serikali tu. Nilitamani ardhi inimeze.

Aama hakunigeukia. Alimtazama baba usoni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo tangu tuliposhuka.

"Hao wanaofanya kazi kwenye ofisi hizo wana nyumba?"

Baba akasema wanazo.

"Wana makaburi?"

Baba akaokota chupa moja ya samli.

"Wameulizwa?"

Baba bado alikuwa ameishika chupa. Aliirudisha chini polepole kama mtu anayeweka yai, akatoka nje. Nilingoja kuchapwa siku nzima. Sikuchapwa. Kesho yake alitutangazia kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayempeleka mama yake, na mimi nitabaki. Nilipolia, alisema tu, "Utakwenda ukikua. Mji utakuwepo." Nikagoma kula mlo mmoja na nusu. Asubuhi ya safari nilijificha nyuma ya zizi nisiwaage, kisha niliposikia basi likiunguruma nikatoka mbio, nikapunga mkono hadi vumbi likawafunika.

Walirudi baada ya wiki mbili. Bahari, Aama alisema, ni maji mapana hata huwezi kumsalimia jirani wa ng'ambo. Lifti hakuipenda. Lile fuvu alilisalimia kwa Kiiraqw, maana ni la nyumbani. Na samli ilipata wenyewe: jirani wa baba mdogo, mama mmoja karani, alikuwa ameshaambiwa kwamba ofisi yao itatangulia Dodoma, na hajui atamwachia nani mama yake mgonjwa. Baba alimtafsiria maneno ya Aama. Yule mama alipokea mbegu za maboga kwa mikono miwili, asiuachie mkono wa Aama kwa muda mrefu.

Mimi bado nilikuwa nimenuna. Niliona tu kwamba sikutumwa tena kupeleka majibu, na cheo changu kimekwisha.

Miaka mingi ilipita, Aama akazikwa, baba akazeeka. Siku moja tukivuna mahindi alinisimulia ambayo sikuwahi kumuuliza. Katika safari ile alipanga kuzungumza na mama yake Makuyuni, basi liliposimama. Akashindwa. Akapanga Moshi, akashindwa. Akapanga Korogwe, wakanunua machungwa, akashindwa. Siku ya nne Dar es Salaam walikaa kwenye ukuta wa bandari wakiitazama pantoni ikipakia watu, na hapo ndipo alipoweza.

"Mama, siku ile ya lori sikukuuliza."

"Basi niulize."

Akamuuliza kama anataka arudishwe juu, kwenye mahame, akasema yuko tayari kupambana na yeyote kwa ajili hiyo. Aama akaifuata pantoni kwa macho hadi ikafika ng'ambo.

"Hapana," akasema. "Maharage yameshika kule chini, na watoto wako karibu na shule. Lakini umeniuliza."

Nimefika Dar es Salaam mara nyingi tangu hapo, nimepanda pantoni hadi nikaichoka. Kwa miaka nilijihesabu mtoto aliyenyang'anywa safari yake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Ningejuaje kwamba mtu mzima anaweza kusafiri siku mbili na kupita miji yote ile, ili apate mahali pa kumwambia neno moja mwanamke aliyekuwa akipita mlangoni pake kila asubuhi akienda kuteka maji?