Buibui wa Mama

Nta ya nyuki ikipata joto la vidole hutoa harufu tamu, nzito kidogo. Nikiisikia popote narudi mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, kwenye chumba chetu cha kupanga, ubavuni mwa mama anayepaka uzi nta.

Mama alikuwa msusi mjini, karibu na stendi ya teksi, hadi miguu ikamvimba na nesi akamwambia aache kazi ya kusimama. Hapo mume wa mteja wake mmoja, mzee wa Midrand aliyeuza vifaa vya kuvulia samaki, akamletea kazi ya majaribio: kufunga buibui. Msishtuke. Ni vidudu vya bandia vya kuvulia: ndoana ndogo, uzi wa hariri, na unyoya laini wa kwale unaozungushwa shingoni. Akifaulu, angefanya kazi ameketi nyumbani. Akishindwa, angerudi kusimama.

Sampuli ya mzee ilikuwa na manyoya machache mno. Mama aliitazama kwa huruma, kisha akafunga za kwake zikashiba, shingo nene kama mswaki mpya.

"Mama, ya mzee haiko hivi," nilimwambia.

"Nikiweka kidogo, ule papa atasema niliiba manyoya yake," alijibu; kwake kila mzee ni papa.

Nilicheka sana. Niliona mama ana mambo.

Mzee alipokuja alitikisa kichwa. "Eish, mama, manyoya yamezidi," alisema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. Akaomba beseni la maji, akazamisha sampuli yake na kuivuta taratibu. Manyoya yalifunguka na kujifunga, mdudu akawa kama anapumua. Ya mama ilizama imejikunyata, kama kifaranga aliyenyeshewa.

Niliogopa kwamba kazi imekwenda. Mama alichukua ndoana mpya, akazungusha unyoya mara mbili, akafunga. Kipande kilichobaki alikisogeza polepole upande wa mzee, akahakikisha amekiona. Mzee hakukijali. "Sharp," alisema, yaani safi kabisa, na kazi ikawa ya mama.

Siku hizi nafanya kazi ofisini, hukohuko Midrand. Nafika kabla ya wenzangu, natoka baada yao, na ripoti ya kurasa mbili naifikisha sita. Juzi bosi aliniuliza kwa upole kwa nini najichosha hivyo. Jibu nililokuwa nalo ni lile la mama, lile la manyoya nililolicheka.