Idi Pili Isiyo na Spika

Idi Pili ya mwaka jana ilinigharimu shilingi laki moja na elfu themanini na tano. Nilihesabu mara mbili, na mara ya pili ikazidi kwa elfu mbili, kwa hiyo nimebaki na hesabu ya kwanza. Kwa muuza mitumba hizo ni pesa, na kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa niliilipa ili nisipewe kitu.

Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka mitano, na dunia kwake imefunguliwa sauti mpaka mwisho. Honi inamliza. Lebo ya nguo shingoni inamkosesha raha kutwa nzima, ndiyo maana kila nikifungua belo la mitumba, kigauni laini kuliko vyote hakifiki mezani, kinaishia nyumbani, Magomeni ya Mtwara, lebo imeshakatwa. Harufu ya mafuta ya chipsi ikichanganyika na manukato ya watu, tunaaga.

Sasa sikukuu ya watoto hapa Mtwara ni vitu hivyo hivyo kwa pamoja: bembea, puto zinazopasuka, spika zilizopandana. Idi ya kabla ya hapo tulidumu uwanjani muda wa nusu soda. Binamu zake wakabaki, sisi tukaondoka. Ilipokaribia nyingine akaniambia, bila hata kulia, huku anapanga vifuniko vya chupa:

"Mama, nyinyi nendeni. Mimi nitalinda nyumba."

Nikasema hapana. Safari hii tutakwenda wote, tutashinda wote, tutarudi wote.

Nikaanza kutafuta. Mwenye bustani moja ya mjini aliniambia muziki ni bure. Nikamuuliza, na kutokuwa na muziki ni bei gani? Akadhani namtania. Mwishowe nikampata mwenye banda la makuti ufukweni Msimbati, tukapatana kwa simu.

"Muziki nazima, dada."

"Na jenereta?"

"Jenereta tena? Soda mtakunywa za moto?"

"Tutakunywa za moto."

"Basi nitawaandalia vizuri. Mtafurahi wenyewe."

Mimi nisiyenunua belo bila kuuliza katikati yake mna nini, sikuuliza atatuandalia nini.

Wifi yangu, mama wa hao binamu, tuliyekubaliana naye kuchanga nusu kwa nusu, alicheka mpaka akakaa. "Wifi, umekodi ufukwe au makaburi?"

"Makaburini hawapokei advansi."

Tukakodi Noah. Binti yangu akakaa dirishani, kofia ya sufu imeshushwa mpaka masikioni, joto lote lile. Tulipopita Madimba akauliza kama tukifika anaweza kubaki ndani ya gari. Nikamwambia anaweza.

Gari halijasimama sawasawa, wakatokea wanawake saba wenye vitenge vya sare, vigelegele juu, ngoma mbili nyuma yao, na mwenye banda mbele anachekelea. Binti yangu akatoweka chini ya kiti.

"Kaka, tulipatana kimya!"

"Tulipatana kuzima spika, dada. Hawa si muziki, ni mapokezi. Mgeni achukue banda zima, halafu aingie kimya kama kaja kuhani?"

Hakuwa na ubaya. Huku kwetu mgeni asiyepigiwa vigelegele ana haki ya kununa, na mimi mzaliwa wa hapa nilipaswa kulikumbuka hilo. Wanawake wakanyamaza, ngoma zikawekwa chini. Binamu walishakimbilia majini. Mimi nilishaanza kupiga hesabu ya kurudi mjini.

Sauti ikatoka chini ya kiti. "Wanaimba vizuri. Lakini wako karibu."

"Unataka waondoke?"

"Warudi nyuma."

Wakarudi nyuma hadi kwenye miti ya mivinje. Kichwa kikachungulia.

"Nyuma tena."

"Mpaka wapi, bibi harusi?" mmoja wao akapaza sauti, kisha akajiziba mdomo mwenyewe.

Mkono mdogo ukaonyesha mbali. Maji yalikuwa yamekupwa, nafasi ipo ya kutosha. Wakaenda, wakaenda, mpaka sare zao zikawa doa moja la rangi mchangani. Ndipo wakaimba, na upepo ukatuletea wimbo kidogo kidogo, kama mtu anayeonjesha mchuzi. Binti yangu akashuka. Akavua viatu, kisha kofia.

Akiwapungia, wanasogea. Akiinua kiganja, wanasimama. Ikizidi, anawarudisha. Binamu wakatoka majini wakaomba na wao zamu ya kuwaendesha. Akawakatalia katakata, baadaye sana akawapa, tena kwa kubadilishana na maandazi.

"Huyu ni wewe mtupu," wifi akasema. "Bei haishuki."

Tulishinda wote, tukarudi wote, soda za moto zote zimeisha.

Sasa Idi nyingine inakuja, na bibi harusi wetu hataki tena Msimbati. Anataka wale wanawake waje nyumbani. Nimeutazama ua wetu: kwa umbali anaoutaka, itabidi wakaimbie bandarini, katikati ya malori ya korosho. Msomaji unayejua namna ya kumshusha bei mtoto wa miaka sita, naomba unielekeze. Na wifi, ukisoma hapa, nusu yako bado naisubiri.